Shajara ya mradi: kumfuata mtoto kutoka rejesta hadi rejesta bila namba ya utambulisho

Januari

Swali letu ni fupi. Watoto wanaozaliwa na uzito pungufu, yaani chini ya gramu 2,500 kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, wangapi hawafiki umri wa miaka 5, na tunawapoteza zaidi katika kipindi gani? Hatuhitaji kwenda kuhoji watu upya, kwa kuwa majibu yameshaandikwa. Uzito umo katika rejesta ya wodi ya wazazi. Chanjo na mahudhurio yamo katika rejesta ya kliniki ya mama na mtoto. Vifo vimo katika orodha ya ufuatiliaji wa kaya. Ni rejesta tatu zilizoandikwa na makarani tofauti, na hakuna namba hata moja inayosema kwamba mtoto wa huku ndiye yule wa kule.

Penye sajili kuu kazi hii haina mjadala mrefu. Uswidi imempa kila mkazi namba yake tangu 1947, Norwe tangu 1964, Denmark tangu 1968, na mtafiti wa huko huunganisha wodi, duka la dawa na cheti cha kifo kwa namba hiyohiyo. Kwingineko duniani, na ndiko waliko watu wengi zaidi, mtu hutambuliwa kwa jina, jinsi, umri na mahali anapoishi, na vyote hivyo hubadilika au huandikwa vibaya. Halbert Dunn, aliyeipa kazi hii jina la kuunganisha kumbukumbu (record linkage) mwaka 1946 huko Marekani, alisema kila mtu ana kitabu cha maisha kinachoanza na kuzaliwa na kuishia na kifo, na kwamba kuunganisha kumbukumbu ni kukusanya kurasa zake. Sisi kurasa tunazo. Hazina namba juu, na nyingine hazina hata jina la mwenye kitabu.

Februari, kusafisha majina

Tumeanza na majina kwa sababu ndiyo yanayobeba mzigo mkubwa. Njia kongwe ya kukusanya majina yanayofanana kwa sauti ni Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918. Huhifadhi herufi ya kwanza, huacha irabu, kisha hugeuza konsonanti kuwa tarakimu. Tumeijaribu kwa majina ya baba. Hamisi inatoka H520. Khamis inatoka K520. Ni jina lilelile, pengine mtu yuleyule, lakini kwa Soundex hawatakutana milele, maana herufi ya kwanza haiguswi. Ramadhani inatoka R535 na Ramazani R525. Halima ni H450, na karani aliyesikia r mahali pa l akaandika Harima amempa H650. Zainabu na Zaynab tu ndio waliosalimika, wote Z510.

Hilo si kosa la Soundex. Ilitengenezwa kwa masikio ya watu wengine. Kwa hiyo tumeandika kanuni zetu wenyewe: kh mwanzoni ihesabiwe h, dh na z ziwe kitu kimoja, l na r ziwe kitu kimoja, sw na s mwanzoni vilingane ili Swalehe na Salehe wakutane, na irabu ya mwisho iondolewe. Majina yaliyoandikwa mwanzo hatuyafuti. Yanabaki katika safu yake, na ufunguo wa sauti, yaani umbo la jina linalotoka baada ya kanuni hizi, unakaa pembeni. Nasisitiza hili kwa kila anayeingia katika mradi: usafishaji unaofuta ulichokuta hauwezi kukaguliwa na mtu mwingine baadaye.

Yapo majina ambayo hakuna kipimo cha herufi kitakachoyakutanisha. Yohana wa rejesta moja ni John wa nyingine. Yakobo ni James. Kwa hayo tumeanza jedwali la majina pacha, linalokua kila karani anapotuletea mfano. Makarani wa rejesta wanajua mambo haya kuliko programu yoyote, na nimefurahi kuona kwamba wakiulizwa wanaeleza kwa kirefu.

Mama ndiye mgumu zaidi. Wodini ameandikwa kwa jina lake na la baba yake. Kliniki anaitwa Mama Juma, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na karani ameandika hivyohivyo. Katika orodha ya kaya yumo chini ya jina la mume. Baba wa mtoto hana shida hiyo, jina lake ni moja kote. Nimeandika pembeni ya daftari: tukilegea hapa, wanawake watapotea kuliko wanaume, na watoto wao pamoja nao.

Machi, kupunguza jozi

Rejesta yenye mistari 100,000 ikilinganishwa na yenye mistari 50,000 inazaa jozi bilioni 5. Karibu zote ni upuuzi. Kwa hiyo tunagawa mafaili katika makundi na kulinganisha ndani ya kundi tu: kwanza wenye ufunguo mmoja wa jina la mama na mwezi mmoja wa kuzaliwa, kisha wenye kijiji kimoja, jinsi moja na mwezi mmoja, kisha wenye ufunguo wa jina la baba na mwaka mmoja. Jozi inayoponyoka katika mzunguko wa kwanza inaweza kudakwa katika wa pili. Iliyoponyoka katika yote haitaonekana tena, wala hakuna ripoti itakayoitaja. Ndiyo maana tumekataa kutegemea mzunguko mmoja, hata kama kompyuta ingemaliza mapema zaidi.

Programu tunayotumia ni Splink, ya bure, iliyotengenezwa na Wizara ya Sheria ya Uingereza. Inatosha.

Machi, mwishoni: uzito wa kufanana

Leo nimewaeleza wenzetu wapya hesabu iliyo chini ya kazi yote. Wazo lilitoka kwa Howard Newcombe na wenzake, waliochapisha mwaka 1959 kazi ya kuunganisha kumbukumbu za uzazi na ndoa za British Columbia, Kanada, kwa kompyuta. Ivan Fellegi na Alan Sunter wakalipa nadharia kamili mwaka 1969. Kwa kila kipengele unajiuliza maswali mawili. Kama mistari hii miwili ni ya mtu mmoja, uwezekano wa kipengele hiki kufanana ni kiasi gani? Na kama ni ya watu wawili, kingefanana kwa bahati kwa kiasi gani? Ugawanye wa kwanza kwa wa pili, uchukue logi kwa kizio cha 2, hapo una uzito.

Tuchukue jinsi. Tuseme kwa mtoto mmoja jinsi inalingana mara 98 katika 100, na kwa watoto wawili tofauti inalingana nusu ya nyakati. Kulingana kunaongeza takriban 1 tu. Kutolingana kunaondoa takriban 4.6. Kipengele hiki hakithibitishi lolote, ila kinakanusha vizuri. Sasa jina la mama. Tuseme linalingana mara 90 katika 100 mistari ikiwa ya mtu mmoja. Likiwa jina lililobebwa na mwanamke 1 katika 20, kulingana kunaongeza takriban 4.2. Likiwa la mwanamke 1 katika 5,000, kunaongeza takriban 12.1. Newcombe aliliona hili tangu awali: majina adimu yanasema mengi, majina ya kawaida yanasema machache. Kwa mtafiti maana yake ni kwamba mwenye jina la kawaida ana nafasi ndogo ya kuunganishwa, bila kosa lake.

Jumla ya uzito ikivuka kizingiti cha juu, tunaikubali jozi. Ikiwa chini ya kizingiti cha chini, tunaikataa. Za katikati zinapitiwa kwa macho na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuona uamuzi wa mwenzake.

Aprili, watoto wasio na jina

Mwezi huu sitausahau, maana ndipo mradi ulipobadilika.

Mtoto mchanga hana jina. Wodini anaandikwa "mtoto wa" fulani. Akiishi, anapewa jina, anapelekwa kliniki, na kuanzia hapo ana jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na kadi. Akifariki siku za mwanzo, hapati jina wala kadi, na hafiki kliniki. Katika orodha ya vifo anabaki "mtoto wa" fulani, mara nyingi bila tarehe kamili ya kuzaliwa, ila "siku 2" au "wiki 1". Kwa maneno mengine, kadiri mtoto anavyofariki mapema ndivyo tunavyokuwa na kidogo cha kumtambulisha. Na asiyeunganishwa na kifo chake anahesabiwa hai. Kwenye karatasi anaendelea kukua, anatimiza mwaka, anatimiza mitano.

Ukiliweka hilo karibu na swali letu utaona ukubwa wa tatizo. Wenye uzito pungufu ndio wanaofariki zaidi katika siku za mwanzo. Kwa hiyo viungo vinavyokosekana havijatawanyika sawasawa katika faili, vimerundikana kwa watoto haohao tuliotumwa kuwahesabu. Tukitumia hesabu ile bila kufikiri, tutatangaza kwamba uzito pungufu hauna hatari kubwa kama inavyodhaniwa, na kuna mtu mahali fulani atapunguza vitanda vya watoto njiti kwa kusoma jedwali letu.

Pacha wanaongeza ugumu. Hii ni mistari kama tunavyoiona, majina nimeyabadilisha. Rejesta ya wodi: "mtoto wa Zainabu, KE, g 2,100, Pacha I". Mstari unaofuata: "mtoto wa Zainabu, KE, g 1,850, Pacha II". Orodha ya vifo: "mtoto wa Zainabu, KE, siku 3". Mama ni mmoja, jinsi moja, tarehe moja, kijiji kimoja. Uzito wa kufanana ni uleule kwa wote wawili hadi nukta ya mwisho. Programu ikilazimishwa kuchagua inachukua mstari wa kwanza, na katika faili zima Pacha I angekuwa ndiye anayefariki kila mara. Pacha huzaliwa na uzito mdogo kuliko watoto wa mmoja mmoja, kwa hiyo wamejaa katika kundi letu. Hatuwezi kuwaweka kando kana kwamba ni kasoro ya pembeni.

Tumekubaliana mambo matatu. Mtoto wa chini ya siku 28 aunganishwe kupitia mama, kwa seti ya vipengele vyake yenyewe: ufunguo wa jina la mama, ufunguo wa jina la baba, kijiji, jinsi ya mtoto, na tarehe ya kuzaliwa inayokokotolewa kutoka tarehe ya kifo na umri ulioandikwa, pamoja na nafasi ya siku kadhaa huku na huku. Pacha waliolingana kwa uzito wa kufanana wasichaguliwe. Kila mmoja abebe nusu ya kiungo, na nusu hizo ziingie katika uchambuzi wa mwisho kwa kurudia hesabu mara nyingi, kila mara kifo kikiangukia mmoja wao kwa bahati. La tatu ni kwamba mtoto aliyeonekana wodini tu, asionekane kliniki wala katika orodha ya kaya, asihesabiwe hai hadi miaka 5. Ahesabiwe hadi siku aliyoonekana mwisho, basi.

La tatu lilibishaniwa sana. Mwenzetu mmoja alisema tunapoteza muda mwingi wa ufuatiliaji. Ni kweli tunaupoteza, lakini muda huo haukuwa wetu, kwa kuwa hakuna aliyemwona mtoto ndani yake.

Mei, faragha

Wodi imekubali kutoa takwimu, kliniki pia, lakini hakuna anayetaka majina yatoke mlangoni kwake. Nakubaliana nao. Tumetenganisha kazi: anayeunganisha anaona majina na tarehe, haoni uzito wa kuzaliwa wala ugonjwa. Anayechambua anaona uzito na ugonjwa, haoni majina. Australia Magharibi wamefanya kazi kwa mtindo huu katika mfumo wao wa kuunganisha takwimu, ulioanza mwaka 1995.

Kwa kituo kimoja ambacho hakiruhusu majina hata kwa muunganishaji, tunajaribu kuyaficha kabla hayajatoka. Usimbaji wa kawaida hautufai, kwa sababu Asha na Aisha wakisimbwa wanatoka mifuatano isiyofanana hata kidogo, na kosa dogo la karani linaua kiungo. Rainer Schnell na wenzake walipendekeza mwaka 2009 kutumia vichujio vya Bloom. Jina linakatwa vipande vya herufi mbilimbili, pamoja na nafasi ya mwanzo na ya mwisho, na kila kipande kinawasha biti kadhaa, yaani kinageuza sufuri kadhaa kuwa 1, katika mfululizo mrefu wa sufuri. Asha ina vipande 5, Aisha 6, vinavyoshirikiwa ni 4. Kipimo cha mfanano kiitwacho Dice ni mara mbili ya 4 kugawanya kwa 11, takriban 0.73. Mfanano huo unaonekana pia kati ya mifululizo ya biti, ingawa hakuna aliyeliona jina.

Usalama wake si kamili. Imeshaonyeshwa kwamba mtu mwenye orodha ya majina ya kawaida anaweza kubashiri mifululizo inayojirudia sana ni ya majina gani. Kwa hiyo tunachanganya ufunguo wa siri unaokaa vituoni tu, jina na mwaka wa kuzaliwa vinaingia katika kichujio kimoja, na mifululizo inafutwa kazi ikiisha.

Juni, kupima tulichokosea na tulichokosa

Hatuna faili la ukweli la kulinganishia. Tunacho kipande: watoto ambao namba ya kadi ya kliniki iliandikwa pia katika orodha ya kaya. Tunaificha namba hiyo, tunaunganisha kwa majina, kisha tunaifunua kuona wangapi tuliwapata. Ni kipimo kizuri, lakini kinatusifia kupita kiasi. Mama aliyetunza kadi hadi karani wa kaya akaiona ni mama aliyetulia mahali pamoja na kuhudhuria kliniki. Aliyehama, au aliyefiwa na mtoto wiki ya kwanza, hayumo kabisa ndani ya kipande hicho.

Kwa hiyo tunatazama pande nyingine mbili. Ya kwanza ni yasiyowezekana: mtoto aliyechanjwa surua miezi kadhaa baada ya kufariki, au mtoto mwenye vifo viwili. Kila tukio la namna hii ni kiungo cha uongo kinachojitangaza chenyewe, na kwa kuyafuata tumegundua kwamba mengi yanatoka kwa akina mama wenye majina ya kawaida katika vijiji vikubwa. Ya pili ni kuwapanga waliounganishwa na wasiounganishwa bega kwa bega na kuuliza wanatofautiana nini: uzito wa kuzaliwa, umri wa mama, pacha au mmoja, umbali wa kijiji. Mwongozo wa RECORD wa mwaka 2015, wa kuripoti tafiti zinazotumia takwimu za afya zilizokusanywa katika kazi za kila siku, unataka watafiti waeleze njia ya kuunganisha na jinsi ubora wake ulivyopimwa. Jedwali hili litakaa mbele kabisa ya ripoti yetu, halitafichwa kwenye kiambatisho.

Umri wa mama ni kichekesho cha karani kwa asiyejua kazi, na ni jambo zito kwa tunaoifanya: umerundikana kwenye 20, 25, 30. Tumeacha kuudai ulingane. Tofauti ya miaka 3 inahesabiwa kuwa karibu, na uzito wa kufanana wa kipengele hiki umeshushwa.

Julai, kumuuliza mwenyewe

Yote niliyoandika hapo juu ni ya kumbukumbu za zamani. Kwa watoto wanaozaliwa sasa kuna njia bora, na haikutoka mbali. Huko Kisesa, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, watafiti walimweka karani kliniki mwenye kanzidata ya kaya kwenye kompyuta. Mgonjwa akifika anaulizwa, karani anatafuta, na wote wawili wanathibitisha: unaishi na nani, uliwahi kuishi wapi kabla ya hapo? Kilifi nchini Kenya, ambako ufuatiliaji wa kaya ulianza mwaka 2000, wagonjwa wa hospitali wamekuwa wakitambuliwa dhidi ya orodha ya wakazi. Hakuna uzito wa logi unaoweza kuuliza swali la nyongeza. Karani anaweza.

Tumeanza hivyo katika wodi moja. Karani anakaa na mama kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, wanatafuta kaya yake pamoja, na mtoto anapata namba ya mradi kabla hajapata jina. Pacha wanapata namba mbili, na alama ya kila mmoja inaandikwa. Mama aliyefiwa haulizwi siku hiyo. Kiungo chake kinafanywa baadaye na mhudumu wa afya anayemfahamu, akiridhia. Hilo tumeliandika katika utaratibu rasmi ili karani mpya asije akaachiwa kuamua mwenyewe mlangoni pa wodi.

Julai, mwishoni

Wiki ijayo tunaendesha hesabu ya uhai kwa vizingiti vitatu: kikali, cha kati na kilicholegea. Kikali kitapoteza vifo vya kweli, kilicholegea kitaingiza vya uongo, na umbali kati ya majibu yao ndio tutakaouchapisha pamoja na jibu. Kwa pacha, kila kizingiti kitarudiwa kwa migao tofauti ya vifo. Faili la jozi linakwenda kwa wachambuzi likiwa na uzito wa kila kiungo, si "ndiyo" na "hapana" peke yake, ili wao pia waweze kujaribu kizingiti chao. Bado tunasubiri orodha ya vijiji vilivyogawanywa na kubadilishwa majina. Bila hiyo mzunguko wa pili wa makundi hauwezi kufungwa kwa watoto waliozaliwa kabla ya mgawanyo.